Mikono ya Blauzi ya Tipwa

Mtaani walimwita Tipwa, naye aliitika, maana unene ni wake na alikuwa nao tangu usichana. Alishona sare za shule pamoja na mumewe katika chumba kimoja, yeye mashati, mume suruali, kutwa wamekaa.

Mimba ilipofika miezi mitano, nesi alimpima damu akakunja uso.

"Sukari inapanda, mama. Sisemi ujinyime, usije ukamkondesha mtoto. Punguza soda na vya kukaanga, sahani ijae mboga na maharage. Na utembee nusu saa kila siku, mwendo wa kupiga soga, usihemewe. Ikizidi, utakwenda hospitali kubwa, uchomwe sindano mpaka ujifungue."

Tipwa alitoka na hofu moja: mtoto. Nyumbani hapakuwa na mzani, basi akabuni kipimo cha kifundi. Alikuwa na blauzi ya kijani yenye mikono ya kubana. Tumbo likikua, hilo ni la mtoto; mikono ikibana zaidi, huo ni unene wa mdomo wake mwenyewe. Kila Jumapili aliivaa.

Wiki ya kwanza alitembea na mumewe hadi kiwanja cha mpira na kurudi. Blauzi ikamkaa vilevile. Wiki ya pili, vilevile. Mume akaja na viazi vya kukaanga na soda ya baridi.

"Si unaona? Haijabana hata kidogo. Kula, mke wangu, kidogo hakiui."

Akala. Oda zilikuwa nyingi, na blauzi haikulalamika, basi matembezi nayo yakafifia.

Mwezi ulipokwisha, nesi alisoma mzani mara mbili. Kilo nne zimeongezeka, na sukari iko juu.

"Mama, unakula nini kwa siri?"

"Kameza cherehani huyo!" mjamzito mmoja akasema kwenye benchi la kusubiri, wenzake wakaangua kicheko. Tipwa aliapa kwamba hajaficha kitu. Nesi akaandika barua ya hospitali kubwa.

Nyumbani aliitoa blauzi sandukuni akaigeuza ndani nje. Mshono wa mkono ulikuwa umefumuliwa, ukaachiwa upana, ukashonwa upya. Kando yake mashimo ya sindano yalikuwa safu mbili. Na ncha ya uzi ilikuwa imerudishwa mara tatu, kama afungavyo mtu mmoja tu chumbani mle. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kuna siku kitashonewa humo.

"Umeiachia mara ngapi?"

Mume hakuinua macho. "Mara mbili. Ulikuwa unaiogopa ile blauzi kama hakimu. Nikasema angalau nguo isikulize."

"Na viazi? Ulijua, bado ukaniletea?"

"Ulikuwa ukila unacheka."

"Afadhali ningelia, baba. Ningelia huku natembea."

Angekuwa mmoja wa wale wa benchini, Tipwa angemjibu akamaliza. Lakini huyu ndiye ambaye Tipwa alimuuliza kila Jumapili, "Nitazame, vipi?" naye akamtazama, akasema, "Safi."

Barua ilikuwa na nafasi ya kujaza: ndugu atakayesimamia chakula na sindano za mgonjwa. Mume akafuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha kuchukua kalamu.

Tipwa akaiwahi. Akaandika, polepole ili lisikosewe, jina la mdogo wake anayekaa ng'ambo ya barabara.