Masikio Niliyoyaacha kwenye Mzinga

Miaka yote niliyokaa katika kikosi cha mizinga niliamini kwamba mpiga mzinga hahitaji masikio, anahitaji macho. Vitani, kamanda alipoinua mkono, wote tuliachama vinywa, maana ukifunga mdomo mlio unakuingia wote kichwani. Mkono ukishuka, kombora linaondoka. Tunahesabu hadi kumi, tunapakia jingine. Kusikia kulikuwa na kazi gani hapo?

Basi masikio yakaniaga polepole, la kushoto likitangulia, na mimi sikumwambia mtu. Nilikuwa kambini Kasese, nimebakiza miaka michache nistaafu kwa heshima, na kusema kweli niliogopa. Kazi nyingine siijui. Niliwahi kulima Karusandara likizo moja tu; mistari ya mahindi ilinyooka vizuri sana, na haikuota hata mche mmoja. Kurudishwa nyumbani kwa ajili ya maradhi niliona ni sawa na kuvuliwa suruali mbele ya gwaride.

Nikajifunza kusoma midomo. Nilikuwa hodari, isipokuwa kwa wenye masharubu. Mkuu wangu mmoja, masharubu yake kama ufagio, aliniuliza jambo nikajibu, "Ndiyo, afande," na Jumapili nikajikuta kwenye kwaya ya kambi. Niliimba hadi Krismasi. Waumini walivumilia.

Mwaka huu zamu yangu ya kupimwa ikafika. Daktari, kapteni wa umri wa mwanangu, alinivalisha vidude vya kufunika masikio, akaniagiza kwamba kila nikisikia mlio niseme nimesikia. Nesi alikaa mbele yangu kwenye mashine. Sikuchelewa kugundua kuwa kabla hajabonyeza kitufe, bega lake la kulia hupanda kidogo. Bega likipanda, nami nasema, "Nimesikia." Sikukosa hata moja. Nikaanza kumwonea daktari huruma.

Ndipo akakigeuza kiti changu kitazame ukuta. Sikutishika. Nilitumia akili ya mzinga: nikahesabu hadi kumi, "Nimesikia." Kumi tena, "Nimesikia." Na kwa mazoea, kabla ya kila jibu niliachama kwanza. Nilikwisha kufyatua majibu kama manane daktari alipokuja kusimama kati yangu na ukuta.

"Sajini," alisema taratibu ili nimsome, "mashine tuliizima ulipogeuka."

Nesi alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Daktari hakucheka. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia miaka sita, akaandika barua ya kunirudisha nyumbani. Nilimpigia saluti nikiwa na machozi, na sioni haya kulisema.

Nilifika Bwera na sanduku langu la bati, njia nzima nikitunga maneno ya kumweleza mke wangu, ambaye anauza vitenge sokoni, kwa nini mumewe amerudishwa kama bidhaa yenye kasoro. Hakuyangoja. Aliisoma barua, akaikunja, akanishika kidevu ili nimtazame.

"Baba, mimi nilijua zamani. Miaka sita niko natukana wewe ukinipa mugongo. Haukugeuka hata siku moja."

Nikakaa juu ya sanduku. Nilimuuliza kama muda wote huo yalikuwa matusi matupu. Akafikiri kidogo.

"Hapana. Mengine haikuwa matusi."

Nilimwomba aniambie hayo mengine. Mwanamke mwenye wajukuu, aliona haya kama bibi harusi. Akageukia sufuria yake ya sombe, yale majani ya muhogo, akakoroga, akanipa mgongo. Kisha nikaona mabega yake yanapanda, yanashuka, yanapanda tena. Alikuwa akisema, na alisema kwa muda mrefu.

Nilingoja mpaka mabega yakatulia.

"Nimesikia," nikamwambia.