Mkono Nilioachiwa Ijumaa Kuu

Mambo haya yamenigharimu projekta nzuri, wateja wote wa mtaa wangu wa Busanza, na mkono wa kulia. Projekta ningeweza kununua nyingine. Na usidhani ni hadithi ya kusikia. Nilikuwepo, tena kazi ilikuwa yangu mwenyewe: huonyesha filamu za dini ukutani, watu huketi uani, nami hupitisha beseni la sadaka.

Sadaka ya nani? Usiniulize.

Ijumaa Kuu, giza lilipoingia, niliweka filamu ya mateso ya Yesu. Katika biashara hii unatazama nyuso, si ukuta. Askari alipoanza kumchapa Yesu, Mama Goreti, Mkatoliki aliyekulia Bujumbura, alishuka kwenye kiti akapiga magoti na rozari yake, kama yuko kwenye Njia ya Msalaba. Kila pigo likitua, anajipiga kifua. Kando yake Fostini, fundi wa pikipiki, mlokole, alikuwa amesimama anapiga makofi.

"Damu hiyo! Imenilipia, haleluya!"

"Unashangilia mtu anapigwa?" Mama Goreti akamgeukia.

"Mama, nashangilia kuokolewa. Wewe unalia kama hujui mwisho."

"Mwisho naujua. Namlilia mwenye mjeledi. Ni mimi, mwanangu. Na wewe pia."

Mimi nilijua ni rangi nyekundu tu. Nilichojua zaidi ni kwamba hapo ndipo mioyo hulainika, kwa hiyo kila mwaka hapo ndipo husimamisha picha nipitishe beseni. Nikabonyeza kompyuta. Mjeledi ukabaki juu, hewani.

Safu ya mwisho aliketi mwanamume nisiyemfahamu, koti limefungwa hadi kooni, mkono wa kulia ameuinua juu. Nikadhani anataka kubishana bei.

"Endesha, bosi," akasema polepole. "Mkono umechoka."

"Toa kwanza, mzee. Nitakufanyia bei ya Pasaka."

"Kila mwaka unaniacha hivi. Sasa shika wewe."

Akanigusa kwenye kiwiko kwa mkono wake wa kushoto. Baridi, niamini, baridi ya bati la alfajiri. Mkono wake wa kulia ukashuka. Wangu ukapanda, wenyewe, na beseni likaanguka. Yeye akatoka getini akinyoosha bega, kama mtu aliyemaliza zamu.

Nani alipiga yowe kwanza? Fostini, yuleyule wa haleluya. Alikuwa anaonyesha ukuta. Yesu alikuwepo, mgongo umeinama. Mjeledi ulikuwepo, juu hewani. Askari aliyeushika hakuwepo.

Watu walikimbia, projekta ikakanyagwa. Kompyuta niliifunga picha ikiwa vilevile, na mpaka leo sijaifungua.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa jua likizama, mkono unapanda na haushuki mpaka kuche. Ukipita njia panda ya Sonatubes saa hizo utaniona: motari wananizunguka na pikipiki zao wakidhani nawaita, kila mmoja, "Bosi, twende wapi?" Nacheka nao. Mtu afanye nini? Nyumbani sicheki. Mke wangu amehamishia mto wake upande wa kushoto, na hajasema kwa nini.

Padri anasema niendeshe filamu hadi ufufuko, mambo yatakwisha. Fostini ananiombea kwa kelele, akiwa mbali kidogo. Mama Goreti peke yake ndiye aliyeniuliza: "Ukibonyeza, mjeledi utashuka. Kwa mkono wa nani? Kwenye mgongo wa nani?"

Wewe unayeonyesha filamu hizi, nakuonya: usisimamishe hapo. Pitisha beseni mwanzoni, hata kama mioyo bado migumu, ridhika na utakachopata. Na anayejua anishauri: nibonyeze, au nibaki hivi? Jibu lije kabla ya Ijumaa. Na ukija kulileta, nakuomba sana, kaa kushoto kwangu.