Faili la Mazoezi Lililogoma Kufutika

Urve Lepasaar aliifundisha kwaya yetu kwa muda mrefu, hata baadhi yetu tulianza kuimba mbele yake tukiwa na meno ya utotoni. Ukikosea noti hakusema kitu, alikutazama tu. Akiwa na wasiwasi alikuwa na tabia ya kuvuta mkono wa sweta yake, na majira yale ya kuchipua mkono mmoja ulikuwa umelegea mpaka vidoleni. Majaji wa Tamasha la Nyimbo walikuwa wanakuja kutusikiliza, na kwaya isiyopita mbele yao haiendi Tallinn, mji mkuu wetu, tamasha linakofanyika.

Ili tujifunze haraka, alianza kurekodi mazoezi kwa simu na kuziweka rekodi kwenye folda ya kwaya. Kompyuta zote za nyumba ya utamaduni, tulimofanyia mazoezi, ziliifikia folda hiyo, hata ile ya maktaba iliyoko chini.

Jumatano moja, baada ya mazoezi, alisahau kuzima simu. Sisi tukavaa makoti tukaondoka, akabaki na Imbi, mpiga piano wetu, wakimalizia kahawa ya kwenye chupa. Simu ikaendelea kunasa. Asubuhi akaiweka rekodi kwenye folda bila kuisikiliza, akaenda shuleni kufundisha.

Mchana, amerudi ofisini kwake ghorofani kwenye nyumba ya utamaduni, anakula mkate mweusi na dagaa wa chumvi, aliifungua asikie waimbaji wa alto walivyoingia kwenye wimbo. Akashangaa kuona ni ndefu mno. Akarukia mwisho, akakutana na sauti yake mwenyewe.

"Mzee Heldur itabidi nimtoe kabla majaji hawajafika. Anaivuta chini besi nzima. Tangu Leili afe haimbi yule, analia kwa noti."

Kisha Imbi akacheka kidogo. Kicheko kile ndicho kilichomtoa Urve jasho.

Heldur Paju alikuwa fundi bomba mstaafu, mkubwa wetu kwa umri. Leili alikuwa mke wake, aliimba alto pamoja nasi mpaka majira ya baridi yaliyotangulia. Tulipomzika, wiki ile ile Heldur alikuja mazoezini, akasimama mahali pake pa siku zote, na tangu hapo hakuwa amekosa hata mara moja.

Urve akabofya kufuta. Kompyuta ikamjibu kwamba faili haliwezi kufutwa kwa sababu limefunguliwa. Akafunga kila kitu, akajaribu tena. Jibu lile lile. Akajaribu kulibadilisha jina, likakataa. Akaliburuta hadi kwenye pipa la taka, likarudi mahali pake. Akazima kompyuta, nayo ilipowaka ikaanza kujisasisha, ikimwomba asubiri. Akasubiri amesimama, mkono wa sweta mdomoni, akihesabu kichwani nani huwa anasikiliza mapema. Ilipomaliza akabofya tena. Limefunguliwa.

Akampigia Tõnis, mtu wa kompyuta wa nyumba ya utamaduni, ambaye siku hiyo alikuwa shambani kwake anapanda viazi.

"Umezima ukawasha?"

"Nimezima, ikajisasisha, nikazeeka, ikawaka. Bado."

"Kuna nini humo, mwalimu? Mbona unahema?"

"Noti mbovu."

"Noti mbovu hazijawahi kukuhemesha wewe. Ngoja ninawe mikono."

Akasikika akitembea, mlango, maji, kisha vidole kwenye vitufe.

"Kompyuta yako haina kosa," alisema. "Faili lina mtu. Limefunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na mradi yeye analo, wewe hulifuti."

"Kompyuta ipi?"

"Ya maktaba."

Urve akakaa chini. Heldur hakuwa na kompyuta nyumbani. Mtunza maktaba ndiye aliyemfundisha kuifungua folda ya kwaya.

"Nimkate?" Tõnis akauliza. "Litafungika, unalifuta hapo hapo. Atadhani ni mtandao tu. Mwalimu, upo?"

Neno "kata" lilikuwa tayari ulimini. Kama mzee hajafika mwisho, kumkata kungekuwa kumhurumia. Lakini kama ameshasikia, angejua kwamba kuna mtu juu anafuta nyayo zake.

"Usikate simu," alisema. "Nashuka."

Kutoka mlangoni mwa maktaba alimwona kwa ubavu, hedifoni masikioni, macho yamefumbwa, midomo inakwenda pamoja na wimbo. Kwenye kioo, alama ya rekodi ilikuwa karibu kabisa na mwanzo. Urve akashusha pumzi. Hajafika. Akainua simu mdomoni amwambie Tõnis akate.

Heldur akafumbua macho.

"Njoo ukae, mwalimu," alisema, akivua hedifoni. "Nilijua utashuka, ila nilidhani utachelewa zaidi."

"Ndiyo kwanza unaanza?"

"Nilishamaliza asubuhi. Nimerudi mwanzo nisikie kama ni kweli."

Kutoka kwenye simu Tõnis alikuwa anauliza, vipi, akate au asikate. Urve akaizima.

"Ni kweli," Heldur akaendelea. "Pale tunapopanda, mimi nabaki chini. Miaka yote hii sikujisikia. Hilo ni kazi yako kusema, na ungeniambia mimi ningekasirika siku mbili nikapoa. Ila Leili ungemwacha kando."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Na yule aliyecheka, naye mwambie kwamba nimesikia."

"Nitamwambia."

Akaifunga rekodi mwenyewe. "Kata maneno ya mwisho, nyimbo ziache. Wenzangu wanazihitaji."

Urve alipanda ghorofani, akafanya kama alivyoambiwa. Safari hii kompyuta haikubisha. Alinisimulia baadaye kwamba alikaa pale mpaka kahawa ikapoa kikombeni, akingoja wepesi wa moyo ambao haukuja.

Jumatano iliyofuata mahali pa Heldur palikuwa patupu, na Imbi alipiga piano bila kutazama mtu. Wiki moja baadaye mzee akaja. Urve akamfuata kabla hatujapanga mistari, akamwomba mbele yetu ashuke besi ya pili, ile ya chini kabisa, ambako hapandi sana, na kila anaposikia noti ikimponyoka anyamaze, apumue, aingie na wenzake. Heldur akafikiri, akahama na karatasi zake.

Majaji walitupitisha, kwa shida, na maneno makali juu ya wanaume wa sauti ya teno. Juu ya besi hawakusema lolote. Heldur aliimba Tallinn mvua ikimnyeshea, kofia yake nyeupe imelowa chapachapa. Urve alimpelekea chai mwenyewe, akaipokea, akashukuru. Lakini zamani, kila bustani yake ilipozaa, alimletea mwalimu keki ya rubarbi, mmea ule wa mashina machachu, mpaka mlangoni. Mwaka ule hakuleta, na Urve hakumuuliza.