Mita Ishirini za Mama Mkwe

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na sufuria imeshaanza kupigwa.

Nga! Kiungo wa kati mwenye umri wa miaka ishirini na tisa anachomoka kwenye kandambili moja iliyochakaa, anakimbilia kopo la rangi lililo mwisho wa uchochoro, analigusa kwa ncha ya kiatu, anageuka. Nga! Anarudi. Kandambili, kopo, kandambili, kopo. Fulana imemganda mgongoni kwa jasho.

Anayepiga sufuria ni mama mkwe wake, mama mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa huo. Amesimama mlangoni mwa jiko, simu ameibana sikioni kwa bega, mwiko mkononi. Ndani ya simu kuna mlio uliorekodiwa, ule ambao timu hutumia kupima pumzi za wachezaji. Spika ya simu ilikufa zamani. Mlio anausikia mama peke yake, naye anaufikisha kwa mkwewe kwa sufuria.

Mjukuu, msichana wa miezi saba, amekalishwa kwenye beseni lililotandikwa shuka. Makelele yote hayo hayamshtui. Sufuria ikinyamaza ndipo anapolia.

Leo ni Jumanne. Alhamisi kiungo huyu, ambaye wenzake wanamwita Posta kwa kuwa pasi zake zinafika kwa mwenyewe, atapimwa uwanjani mbele ya kocha. Timu yake ya ligi kuu ya wanawake imebakiza nafasi moja ya usajili, na dirisha linafungwa Ijumaa. Akifika ngazi ya kumi, nafasi ni yake na jezi namba nane anarudishiwa. Asipofika, inakwenda kwa binti wa miaka kumi na tisa kutoka daraja la pili.

"Yule binti ana mapafu ya farasi," anasema Posta. "Halafu usiku analala."

Kipimo chenyewe hakina huruma. Koni mbili zinawekwa umbali wa mita ishirini. Spika ikilia, unakimbia. Ikilia tena, uwe umeshafika. Kila baada ya dakika moja hivi ngazi inapanda, milio inazidi kukaribiana. Ukichelewa mara mbili, umetoka. Mwandishi wenu, kwa kiherehere chake, alijaribu pale pale uchochoroni akaishia ngazi ya tatu. Mama mkwe ilibidi aweke mwiko chini akamletee maji.

Asubuhi hii Posta anaishia ngazi ya nane. Ni siku ya kumi na mbili mfululizo anaishia hapo hapo. Anakaa kwenye kizingiti cha jiko, anajifunika uso kwa fulana.

"Mama, mimi nimechoka kujidanganya," anasema kutoka ndani ya fulana. "Leo nampigia kocha. Nafasi ampe yule binti, tusipotezeane muda."

"Simu utapiga Alhamisi jioni," anajibu mama mkwe. "Leo simu ninayo mimi."

Na kweli anaitumbukiza mfukoni, anaondoka nayo kwenda kwenye cherehani.

Mambo hayakuwa hivi siku zote kati ya wawili hawa. Miaka sita iliyopita, mwanawe, fundi bomba, alipomjulisha kwamba mchumba wake anacheza mpira kama kazi, mama alimtazama juu mpaka chini. "Umeniletea mkwe au umeniletea beki?" aliuliza. Kijana akajibu kwa adabu zote, "Kiungo, mama."

Nilipomuuliza mama kama ni kweli, hakupindisha. "Nilisema, tena kwa sauti. Nilijua nitaletewa mtu wa kutuchafulia nyumba, asiyejua hata kukunja shuka." Akakata uzi kwa meno. "Kukunja shuka hajui mpaka leo. Lakini ana moyo huyu, we acha tu."

Mkataba wa Posta uliisha akiwa na mimba ya miezi mitano. Viongozi wa timu walimpongeza, wakampa mkono, wakasema wataangalia. Baada ya hapo kikawa kimya. Miezi kumi na moja ikapita bila mshahara, na kazi za mumewe ni za kuitwa: wiki hii mabomba matatu, wiki ijayo hakuna hata koki ya kubadilisha. Nyumba ikategemea cherehani ya mama mkwe, mwanamke aliyeshona nguo za watu kwa miaka thelathini na moja.

Posta anaposimulia kipindi hicho, machozi yanamlengalenga na wala hajali.

"Sijawahi kuulizwa utaleta nini. Hata siku moja," anasema. "Nilikuwa nakaa pale nimeshika tama, tumbo hili hapa, najiona mzigo. Mama akaniuliza kitu kimoja tu: unataka kurudi uwanjani? Nikasema nataka. Akasema, basi, zaa salama kwanza, halafu tupange."

Kupanga kulianza wiki sita zilizopita, daktari aliporuhusu mbio. Mwalimu wa mazoezi wa timu, ambaye wachezaji wanamwita Kocha wa Pumzi, alituma ule mlio kwenye simu. Mama mkwe akambeba mjukuu mgongoni, akaupima uchochoro kwa hatua, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Mwanzo akadondosha kandambili, mwisho akaweka kopo. "Mita ishirini hizo," akasema. "Kimbia."

Wiki ya kwanza Posta alifika ngazi ya tano. Ya tatu, ya saba. Kisha ya nane, na hapo akagota. Alipunguza chumvi, alilala mchana mtoto alipolala, alikimbia na asubuhi na jioni. Nane. Mara moja mama alimkuta nyuma ya bafu analia, akajifanya amekwenda kuanua nguo.

"Ningemwambia nini?" anauliza mama. "Mpira siujui. Ninachojua ni kupiga sufuria. Basi nikapiga."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, jua limeshakaza. Posta anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena. Yule binti wa daraja la pili naye yupo, amekaa pembeni ya uwanja na mkoba wake magotini. Kocha mkuu amesimama mikono nyuma. Koni zimepangwa, Kocha wa Pumzi anabonyeza spika.

Ngazi ya nne, ya tano, ya sita. Posta anakimbia kama mtu anayepeleka miguu yake mahakamani. Ngazi ya saba anafika kwenye koni, anasimama, anasubiri mlio. Anasubiri tena. Anaigeukia spika.

"Kocha, hiki kitu kimeharibika?"

"Kimbia!" anafokewa.

"Nilipoingia ya nane nikajiandaa kufa," atasimulia baadaye. "Nikawa naisikiliza miguu. Nasema sasa hivi inakata. Haikati! Ya tisa, haikati. Nikaogopa, nikadhani nimechanganyikiwa."

Ngazi ya kumi inapolia, wa kwanza kupiga kelele ni yule binti. Ameuacha mkoba chini, amesimama kwenye mstari, anapiga makofi. "Kaza, dada! Kaza buti!" Nafasi yake ndiyo hiyo inayoondoka mbele ya macho yake, na bado anashangilia. Mwandishi wenu alilazimika kujifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Posta anatoka ngazi ya kumi na moja, karibu na ya kumi na mbili. Analala chali kwenye nyasi akicheka. Kisha anamwendea yule binti, anamkumbatia, wanaongea maneno ambayo sikuyasikia wala sikuuliza. Kocha mkuu alimwambia binti huyo aendelee kuja mazoezini, kwani dirisha dogo la usajili si mbali.

Halafu simu inapigwa nyumbani.

"Mama, kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Ngazi, mama! Nimefika kumi na moja!"

Upande wa pili cherehani inasikika ikisimama. Kisha sauti ya mtu anayelia na kumbembeleza mtoto kwa pamoja.

Kocha wa Pumzi, hata hivyo, hakuridhika. Kwa karibu wiki mbili alikuwa akipokea ujumbe wa nane, nane, nane. Mchana huo akamfuata Posta nyumbani na mkanda wa kupimia wa uwanjani, akaulaza uchochoroni kutoka kwenye kandambili hadi kwenye kopo. Akasoma. Akainama, akasoma tena.

"Mama," akasema, "hizi ni mita ishirini na tatu na sentimita arobaini."

Mama mkwe alitazama miguu yake mirefu. Akaweka kiganja mdomoni. Futi yake ya ushonaji ilikuwa inaning'inia shingoni, kama inavyoning'inia kila siku ya Mungu.

"Yaani nimemtesa mtoto wa watu wiki sita!" akasema. "Mimi, fundi mzima! Siku ile mtoto alikuwa analia mgongoni, mteja ananiita mlangoni, nikasema nihesabu tu haraka haraka. Mwanangu, nisamehe. Nimekuliza bure."

Posta alimshika mikono yote miwili. Alikuwa anacheka mpaka anashindwa kusimama.

"Nikusamehe nini, mama? Ungepima sawasawa, ningefika kumi na moja wiki ya nne, ningebweteka. Hizo mita tatu ndizo zimenirudisha kazini." Kisha kicheko kikamwishia. "Na hata kama zisingenirudisha. Kila asubuhi ulikuwa hapo mlangoni. Mama yangu mzazi alifariki sijaanza hata kucheza. Mimi nilidhani mambo hayo ya mama yalishanipita."

Mama alivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua, akamkumbatia mkwewe mbele ya wageni, jambo ambalo, Posta anasema, halijawahi kutokea katika miaka sita.

Ijumaa saa nne, Posta alitia saini mkataba wa miaka miwili. Lakini hesabu zake ni ndefu kuliko hiyo karatasi.

"Mtoto wa mwaka mmoja hakumbuki kitu," anasema, binti yake akimvuta nywele. "Wa miaka mitano anakumbuka. Sitaki aoneshwe picha aambiwe mama yako alikuwa anacheza. Nataka aniangalie, nigeuke, nitoe pasi, aione kwa macho yake mwenyewe. Kwa hiyo nina miaka minne na kitu ya kukimbia."

Mama mkwe anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Utakuwa na thelathini na tatu, kwenda thelathini na nne," anasema. "Magoti yatauma."

"Yatauma, mama."

"Basi yaume. Mimi nipo."