Koti la Baba Jukwaani

Juzi nilipita karibu na kibanda cha fundi mmoja hapa Kitui mjini, nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Fundi alikuwa akipiga pasi ya makaa juu ya koti zito la sufu, na koti lenyewe lilikuwa bado na unyevu. Kama hujui harufu hiyo, nikueleze: ni mbuzi aliyenyeshewa, moshi kidogo na dawa ya nondo. Aliniuliza kama nimeleta nguo. Nikasema hapana, lakini miguu ilikataa kuondoka.

Kwetu Nunguni harufu hiyo ilikuja na msimu wa drama. Mama alikuwa fundi, ila sare za shule aliwaachia mafundi wengine. Yeye alishona na kukodisha mavazi ya maigizo, na chumba chetu cha mbele kilijaa watu wasiokuwapo: chifu, polisi, daktari, bibi harusi, wote wakining'inia ukutani bila vichwa. Kanzu nyeupe za malaika zilienda kanisani kwetu wakati wa Krismasi, kisha zikafuliwa na kupelekwa shuleni kuwa za mizimu. Mke wa mchungaji alipozitambua kwenye tamasha alikuja juu kweli kweli. Mama alimjibu kwa upole kwamba hakuna pepo anayestahimili sabuni ya kipande.

Katikati ya watu hao wa ukutani alikuwapo baba. Michezo mingi ya shule huwa na mhusika baba, na mhusika huyo alivaa koti la kijivu. Hilo koti lilikuwa la baba yangu mwenyewe.

Baba alifariki kabla sijaanza shule. Baada ya mazishi ndugu zake walikuja kugawana nguo zake, kama ilivyokuwa desturi. Walichukua suruali, viatu, hata kofia. Koti alilovaa asubuhi za ukungu hawakulikuta kabatini, kwa sababu mama alikuwa amelitundika chumba cha mbele, kati ya chifu na polisi. Baba mkubwa akalinyooshea kidole.

"Na hiyo?"

"Hiyo ni ya kazi," mama akasema. "Ni ya drama."

Na kwa kuwa alisema ni la drama, ikabidi liende drama. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi, na nilichukia mno. Wavulana wa kila shule walilivaa wakiwa na ndevu za pamba na mto tumboni. Walilewa ndani yake, wakayumba, wakafokea wake zao wa kuigiza, na watu wakaangua kicheko. Mimi uso wa baba ulikuwa umeshanitoka. Nilichobaki nacho ni shavu langu kwenye kitambaa kile kinachowasha, siku aliponibeba. Kila lilipotoka mlangoni kwetu niliona kama tunamgawa baba kwa watu baki.

Tena mama alilipunguza kila mara, maana wavulana walikuwa wadogo. Lakini mkasi hakuligusisha hata siku moja. Alikunja kwa ndani, akashikiza kwa mshono mrefu, ulio rahisi kufumua, hata koti likawa zito mabegani kwa mikunjo.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wa shule moja ya Tseikuru alikuja kutafuta mavazi ya tamasha la Kitui. Alileta vipimo vya kijana wake wa kuigiza baba. Mama alivisoma, akavisoma tena. Mwalimu alipoondoka, akakaa kwenye kiti na kuanza kufumua. Alifumua mikunjo yote. Mikono ikashuka, mabega yakapanuka, na koti likawa kubwa kama lilivyokuwa kwa mwenyewe. Nilianza kulia.

"Mama, usiwape hiyo. Tseikuru ni mbali, wataipoteza."

"Itarudi."

"Na isiporudi?"

Alipuliza makaa ya pasi, kisha akasema twende sote Kitui tukalione.

Siku ya tamasha alinitafutia nafasi benchi la mbele, naye akapotelea nyuma ya jukwaa. Zamu ya Tseikuru ikafika. Kijana alikuwa mrefu kweli, lakini ndevu zilimvuka upande mmoja zikaning'inia sikioni, na yeye akaendelea tu kuhutubia familia yake kuhusu ukame. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Nilihisi uso unawaka. Nikainuka, nikazunguka nyuma kumwambia mama.

Nilimkuta ameshika pazia, amelifungua kidogo, pini bado ziko mdomoni. Mbele yake kijana alikuwa amempa mgongo, mikono mfukoni, amesimama wima.

"Mama, wanaicheka."

Akatoa pini mdomoni. "Ngoja kwanza, Syombua."

"Lakini mama..."

"Si uniwache nione kidogo tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba, na mama hakuwa mtu wa kuniomba kitu. Nilidhani anakagua mshono wa mgongoni. Nikasusa, nikatoka nje kuungana na mizimu ya shule nyingine iliyokuwa ikila mandazi.

Koti lilirudi, na likatoka tena miaka mingi, hadi macho ya mama yaliposhindwa kutunga uzi. Sasa naye ametuacha, na swali la kumuuliza nimebaki nalo. Ilinibidi niolewe kwanza, niishi na mtu, ndipo nijue kwamba mke huuona sana mgongo wa mumewe: akienda shambani, akifunga geti, akishuka barabarani asubuhi bila kugeuka. Mimi kule mbele nilimwona mvulana mwenye ndevu za pamba. Pale nyuma hapakuwa na ndevu wala mvulana.

Natamani nisingesusa. Upenyo ule wa pazia ungetutosha sote wawili, na mimi pia nilikuwa na hamu ya kumwona.