Sefania Ahakiki Diwani ya Eliza

Tuseme ukweli bila kuzunguka: Mwalimu Sefania alikuwa na wivu, tena ule wa kumnyima mtu usingizi. Alifundisha Kiswahili Lushoto mpaka mvi zikamtoka, akitunga mashairi miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumwomba asome hata ubeti. Halafu Eliza, mwalimu wa hisabati, hisabati jamani, akatoa diwani, na kila kona ikawa ni Eliza, Eliza! Hata Rahabu, mke wa Sefania, alimenya viazi huku akighani mashairi ya yule binti.

Eliza mwenyewe, kwa heshima zake, akamfuata ofisini. "Shikamoo, mwalimu. Naomba wewe ndiye uihakiki diwani yangu Jumapili ya mavuno, baada ya mnada."

"Marahaba. Nitaihakiki," Sefania akajibu, na moyoni akasema, umejileta mwenyewe. Alitaka watu watoke pale wakijua nani mshairi na nani mbahatishaji.

Jumapili ikafika. Mnada wa sadaka za mavuno ulipokwisha nje ya kanisa kule Magamba, watu wakabaki wamekaa, kabichi na kuku walionunua wako miguuni. Sefania akasimama, akaanza kuchambua. Vina vya kati vimevunjika, akasema, hebu sikieni ubeti huu. Sasa, mhakiki ataulaumuje ubeti bila kuusoma? Akausoma.

*Ukungu umejishusha, shamba langu silioni,*
*Nasikia jembe lake, mama yangu yumo ndani.*

Mama mmoja akajifuta macho kwa kanga. "Rudia, mwalimu!" wakapiga kelele. Akarudia, na safari hii hakuitazama karatasi kabisa. Akaunganisha ubeti wa pili, na wa tatu, zote anazo kichwani. Loo, alivyomchukia Eliza wakati ule! Na kuacha kughani hakutaka.

Makofi yakalia. Silvano, mzee wa kanisa, akamshika bega. "Kumbe una sauti namna hii! Haya, tupe na moja la kwako."

Maneno hayo aliyangoja miaka yote. Akafungua kinywa. Likaja jembe, ukaja ukungu, vyote vya Eliza. Akamgeukia mkewe, aliyekaa mbele kabisa.

"Rahabu, nianzishie. Hata mstari mmoja, wa shairi langu lolote."

Rahabu alimtazama kwa huruma, midomo ikamcheza kidogo ikitafuta mstari, kisha akainamisha macho.