Kiti cha Saba, Safu ya Tano

Léontine Marie Gaudrillat, binti Théodule aliyewasha taa za gesi mitaa ya Ménilmontant, mjukuu wa Philomène aliyemchapa karani wa soko kwa samaki mbichi na asiombe radhi. Yeye mwenyewe alishika tochi miaka thelathini na mmoja katika sinema yetu ndogo, akiwaonyesha watu viti gizani. Alipata kumtoa nje diwani kwa sababu ya kiko chake. Na ndoa tisa zilitoka mikononi mwake, maana aliyekuja peke yake alimkalisha makusudi kando ya mpweke mwenzake. Mimi nilikuwa dirishani nikikata tiketi. Ndoa zote tisa nazikumbuka.

Tulionyesha vichekesho tu: marafiki wanaogombania mwavuli, muuza mikate anayempenda mpiga fidla wa ghorofani. Filamu mpya zilifika Jumatano, na kila Jumatano saa nane mchana alikuja Bwana Anselme Quéré, fundi makoti, aliyefiwa na mkewe. Léontine alimkalisha safu ya tano, kiti cha sita. Cha saba alikitupia sweta yake, asikae mtu. Miaka kumi na miwili.

"Shoga, si ukae wewe?"

"Mwonyesha viti hakai, Odile. Yuko kazini."

"Kazi gani, na filamu imeshaanza?"

"Kata tiketi zako."

Kisha macho yakaanza kumwingia ukungu, akaficha. Jumatano moja ya mvua sweta ikaangukia safu ya sita, na kiti cha saba cha safu ya tano akampa Bibi Solange Pradier, muuza maua. Alipogundua, filamu ilikuwa inaendelea.

"Kamwondoe!" nilimwambia.

"Kwa kosa gani? Nimewasikia wanacheka, Odile. Yule siku zote hucheka kifupi, kama anakohoa. Leo amecheka mpaka mwisho."

Majira ya kuchipua Bwana Quéré alileta boksi la keki lililofungwa utepe.

"Bibi Léontine, mjanja wewe! Ulitupanga tangu lini?"

"Tangu zamani," Léontine alijibu.

"Basi Solange hataki kusikia jina jingine. Shahidi wetu wa ndoa kwa meya ni wewe."

"Kwa heshima, Bwana Quéré."

Keki hakuigusa. Nilimkalia kooni: zimebaki siku kumi, mwambie kwamba unampenda, ukinyamaza sasa umenyamaza moja kwa moja.

"Nimwambie nini? Kwamba nilikosea safu?"

Hata hivyo alikwenda dukani kwa Bwana Quéré, na koti lisilo na kifungo. Alirudi kifungo kimeshonwa.

"Umemwambia?"

"Alikuwa anaimba. Mtu anaimba, sindano iko mdomoni, utamwambia nini?" Akakaa kwenye ngazi na koti lake lililolowa, akakaa sana.

Siku tatu kabla ya harusi alikuja dirishani hatujafungua.

"Nenda ofisi ya meya leo, wabadilishe jina la shahidi. Jumamosi utatia sahihi wewe."

"Niwaambie una nini?"

"Macho. Daktari amenikataza kutoka, si uongo mtupu. Vaa ile kofia ya buluu. Na wakitokea mlangoni, wewe ndiye uanze kuwarushia mchele, unasikia? Usingoje wengine. Warushie mwingi."